Jiwe la Kituo cha Sita

Mara ya tatu kuitembea njia ile, Inspekta alivaa raba za binti yake. Viatu vya kazi vilikuwa vimemchubua visigino vyote viwili, na pale mbele ya mnara wa saa, jua la saa mbili likiwa limeshaanza kuuma, hakuona tena aibu ya kuonekana na raba zenye kamba za rangi ya waridi.

"Zinakupendeza, Afande," Sajini alisema, kisha akapiga mwayo mrefu uliomtoa machozi.

"Umelala saa ngapi?"

"Sijalala. Mapacha wanapokezana zamu." Sajini alikuwa na miaka arobaini na sita, na mkewe alikuwa amejifungua mwezi uliopita, wakati wenzake wa rika lake walikuwa wanaozesha mabinti. "Mmoja akinyamaza, mwenzake anaripoti kazini."

Inspekta hakucheka. Alitaka, lakini uso ulikataa. Alimgeukia mshonaji, mwanamke mnene aliyevaa gauni alilojishonea mwenyewe, aliyekuwa amesimama kivulini na mkoba wake kifuani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Mama, leo hatuna haraka. Tutatembea kama mlivyotembea Jumamosi ile. Mlipokaa, tukae. Mlipocheka, uniambie mlicheka nini."

"Nilishayasema yote kwa huyu," mshonaji alisema, akimnyooshea Sajini kidole.

"Aliandika ukurasa mmoja."

"Mimi nilisema mengi. Yeye ndiye aliyeandika machache."

Sajini akajishughulisha na saa yake ya mkononi.

Njia yenyewe haikuwa ndefu. Ilianzia mnara wa saa, ikapita mahakama ya zamani na posta ya zamani, ikafuata ukingo wa mto chini ya daraja la chuma, na kuishia juu ya ngazi za kivuko, pale watu walipokuwa wakivukia kabla daraja halijajengwa. Vituo kumi, kila kimoja na jiwe lake lililochongwa namba na maneno machache. Inspekta alizaliwa mtaa wa pili kutoka posta, na kwa miaka hamsini na sita hakuwahi kusoma hata jiwe moja. Alianza kuyasoma siku tisa zilizopita, mtu aliyeyaweka alipokutwa akielea chini ya ngazi zile.

Mji mzima ulimwita Mzee Ramani. Alikuwa mpima ardhi wa serikali. Alipostaafu, mkewe akafariki mwaka uleule, na yeye, badala ya kukaa kibarazani kutazama wapita njia, akaanza kukusanya habari za majengo ya zamani. Kila Jumamosi asubuhi aliwatembeza watu, akiwa na fimbo mkononi na muhuri mfukoni. Jumamosi ile walikuwa saba. Aliagana nao juu ya ngazi za kivuko saa tatu na nusu. Saa sita wachota mchanga wakamwona majini.

Aliyewekwa ndani ni mpwa wake, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mpenda chupa, ambaye mjomba alimfukuza nyumbani wiki moja kabla. Ijumaa nusu ya soko ilimsikia akimtukana mjomba wake. Mkuu wa polisi aliridhika na hayo. "Kesho asubuhi apelekwe mahakamani," alimwambia Inspekta bila kuinua macho. "Umeshatembea vya kutosha."

Lakini Inspekta alikuwa amemhoji yule mpwa mara nne, na mara ya nne mtu yule, macho mekundu, alisema neno ambalo halikumtoka kichwani. "Mjomba hakujua kuogelea, Afande. Zile ngazi alikuwa hashuki hata tatu. Wageni anawaonyesha kwa fimbo, yeye yuko juu."

Mtu aliyemsukuma mwenzake majini angesema mzee aliteleza, kama alivyosema kila mtu. Asingesema kwamba mzee hashuki.

Walitembea. Kwenye mahakama ya zamani mshonaji alikumbuka mzaha kuhusu hakimu aliyesinzia mpaka mshitakiwa akajiondokea. Posta walikaa kwenye ngazi dakika tano kwa sababu mmoja wa wageni alikuwa na goti bovu. Sajini aliandika kila dakika. Shuleni, kituo cha tano, walikunywa maji ya bombani. Kila kituo mshonaji alitoa mkobani kadi yake ya matembezi na kuonyesha kisanduku kilichopigwa muhuri: namba ya kituo na tarehe ya siku, wino wa zambarau.

Walipofika kona ya barabara ya mto, mshonaji aliendelea kutembea.

"Subiri," Inspekta alisema. Ng'ambo ya barabara lilikuwapo jengo refu la matofali na baraza yenye nguzo. Zamani ilikuwa zahanati, sasa makumbusho ya mji. "Hiki si kituo cha sita?"

"Ndicho. Lakini hatukusimama. Tulipitia upande huu huu."

Inspekta aliichukua ile kadi. Tano ilikuwa na muhuri. Saba ilikuwa na muhuri. Kisanduku cha sita kilikuwa cheupe. Alikuwa ameziona kadi za wenzake ofisini, sita kwenye bahasha moja, na macho yake yalihesabu mihuri bila kuona pengo. Alijilaani kimoyomoyo.

"Aliwaambia kwa nini?"

"Yule mwenye goti alimuuliza. Mzee akasema, 'Hapa nimewaambia watu uongo miaka sita. Leo nipumzisheni. Mkija tena mwezi ujao nitawaambia kweli.' Tukadhani ni mzaha wake mwingine."

Inspekta akamtazama Sajini.

"Nilimuuliza walimwona nani njiani," Sajini alisema polepole. "Sikumuuliza ambacho hawakukiona."

"Haya. Tumalizie njia kwanza."

Juu ya ngazi za kivuko upepo wa mto ulikuwa na harufu ya tope. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili, za mawe, za chini zimeota mwani wa kijani. Aliyesimama chini kabisa hakuonekana kutoka barabarani, kwa sababu ya ukuta wa ghala la forodha. Ng'ambo, wavuvi wawili walikuwa wakishona nyavu, na vicheko vyao vilisikika waziwazi juu ya maji.

"Hapa alitupigia muhuri wa mwisho," mshonaji alisema. "Wino ulikuwa umefifia, kwa hiyo akajaribu kwanza kwenye pembe ya karatasi yake."

"Karatasi gani?"

"Aliyokuwa nayo mfuko wa ndani wa koti. Aliitoa, akaisoma, akapiga muhuri pembeni, ukakubali, ndipo akatupigia sisi. Kisha akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo. Niliitazama sana maana ni karatasi ya kaki, ile ninayokatia vipimo. Nikajiuliza, huyu mzee naye anashona?"

"Ilikuwa imeandikwa nini?"

"Herufi kubwa, kwa kalamu ya bluu. Miwani yangu ilikuwa mkobani."

Inspekta alifungua faili na kutafuta orodha ya vitu vilivyokutwa kwenye maiti. Ufunguo mmoja. Saa ya mkononi. Leso. Miwani, kioo kimoja kimevunjika. Muhuri na kidau cha wino. Mfuko wa ndani wa koti: mtupu, kifungo kimefunguliwa.

"Pengine iliyeyuka majini," Sajini alisema.

Mshonaji akaguna. "Karatasi ile? Niliwahi kuisahau kwenye beseni la nguo usiku kucha. Asubuhi nikaianika, nikakatia gauni la bibi harusi."

"Na baada ya kuwapigia muhuri?"

"Tukaagana. Alitazama saa yake mara mbili. Nikamwambia, Mzee, tukusindikize? Akasema hapana, kuna mtu anamngoja."

Hilo nalo halikuwamo kwenye ukurasa mmoja wa Sajini. Inspekta alikuwa amechoka mno kumkemea mtu, na alijua kwamba na yeye angeliuliza mapema kama asingeamini haraka kwamba mzee aliteleza. Alimshukuru mshonaji, akamwita mwendesha pikipiki amrudishe dukani kwake.

Makumbusho yalikuwa na vyumba vitatu, na harufu ya dawa ya mende. Mtunza makumbusho alikuwa mwanamke aliyekaribia miaka sitini, mkavu, nadhifu, funguo zimening'inia kiunoni. Aliwapa viti, akawafutia vumbi kwanza. Siku ile ya pili baada ya msiba alihojiwa kwa simu, akasema alimwona Mzee Ramani mara ya mwisho Jumatano.

"Bado mnaye mpwa wake?" aliuliza.

"Kesho anapelekwa mahakamani."

"Masikini," alisema, akapanga upya kalamu zilizokuwa zimeshapangwa.

"Jumamosi ile Mzee hakuwaleta wageni hapa. Unajua sababu?"

"Nilimwomba mwenyewe. Tulikuwa tunapaka madirisha rangi, sikutaka wageni wachafuke."

"Alikuja kukuona kuhusu hilo?"

"Kwa simu tu. Ana kwa ana, Jumatano."

Inspekta alisimama kunyoosha mgongo na kuegemea dirisha lililokuwa wazi. Chini ya kiganja chake rangi ya fremu ilibanduka vipande vipande kama ganda la yai. Aliikung'uta mkononi taratibu na kutoka nje barazani.

Jiwe la kituo cha sita lilikuwa limefungwa ukutani kwa skrubu nne. *Hapa, mwaka wa mafuriko makubwa, Matroni wa zahanati hii aliwaokoa wagonjwa thelathini na mmoja.* Skrubu mbili za juu zilikuwa na kutu. Mbili za chini zilikuwa mpya, zinang'aa.

"Kuna mtu alilibandua jiwe hili?"

"Sijui," mtunza makumbusho alisema nyuma yake. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwaeleza wanafunzi: "Matroni huyo ni mama yangu mzazi. Yuko hai. Shule ya wauguzi ina jina lake. Watoto wa darasa la nne wanamsoma kitabuni."

"Hongera," Inspekta alisema.

Barabarani Sajini alimsogelea. "Rangi ile haijapakwa tangu mimi nilipokuwa mseja."

"Nimeona. Jiwe likibanduliwa, linabanduliwa ili lipimwe. Likipimwa, ni kwa sababu linatengenezwa jingine. Katika mji huu mafundi wa mawe ni wangapi?"

"Mmoja. Ndiye aliyemchongea baba yangu kaburi."

"Washa saa yako. Tuanzie ngazi za kivuko."

Kutoka kwenye ngazi mpaka karakana ya fundi wa mawe ilikuwa dakika kumi na moja kwa mwendo wa kawaida. Walimkuta fundi amekaa kwenye kreti, mweupe kwa vumbi toka nywele hadi kucha, redio ikinguruma kando yake. Miaka thelathini ya nyundo ilikuwa imemla masikio, na aliongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Habari za kazi, fundi?"

"Kazi ipo! Watu hawaachi kufa!"

"Mzee Ramani alikuagiza jiwe?"

"Lile pale limelala. Nimelikata, nimelisugua. Nilikuwa nangoja maneno, aniletee Jumamosi akimaliza matembezi. Kiolezo cha herufi, unaelewa, ameshapima mwenyewe. Nikaambiwa niache."

"Nani alikuambia?"

"Mama wa makumbusho. Alikuja akasema Mzee ameghairi."

"Siku gani?"

Fundi alifikiri huku akijikuna shingo. "Siku hiyohiyo ya Jumamosi. Asubuhi."

"Una hakika? Si Jumapili, baada ya kusikia msiba?"

"Jumapili mimi niko kanisani. Ilikuwa Jumamosi, saa nne kamili. Taarifa ya habari ndiyo inaanza, ikabidi nipunguze redio nimsikie. Na redio mimi siipunguzi ovyo."

Saa nne. Saa mbili kabla wachota mchanga hawajaona kitu. Inspekta alisogeza tofali moja, akakaa juu yake.

"Ukakubali tu kuacha kazi ya mzee kwa neno la mtu mwingine?"

"Hata! Nilimwambia siachi kazi ya mtu mpaka mwenyewe aniambie. Ndipo akatoa karatasi ya Mzee. Akasema, ona, amenirudishia mwenyewe, tumeelewana. Sasa mtu akikuonyesha karatasi ya Mzee, utabisha nini? Alikuwa anatetemeka, nikadhani ana homa. Nikampa maji, akanywa, akaondoka."

"Na karatasi?"

"Aliisahau hapo kwenye meza. Nimeigeuza nyuma, nikapigia hesabu ya kaburi la mama mmoja. Unaitaka?"

Aliivuta chini ya patasi. Sajini aliipokea kwa leso, akaikunjua juu ya lile jiwe lisilo na neno. Ilikuwa karatasi ya kaki, kavu, yenye mikunjo minne. Upande mmoja vipimo vya kaburi. Upande wa pili, kwa herufi kubwa za bluu zilizonyooka kama nyumba kwenye ramani:

*HAPA, MWAKA WA MAFURIKO MAKUBWA, MPISHI WA ZAHANATI ALIWAPANDISHA WAGONJWA THELATHINI NA MMOJA JUU YA PAA, MMOJA MMOJA, MGONGONI MWAKE.*

Na pembeni, kwa wino wa zambarau uliofifia, muhuri: kumi, na tarehe ya Jumamosi.

Sajini aliacha kupiga miayo. "Saa tatu na nusu karatasi iko kwenye koti la marehemu, kifungo kimefungwa. Saa nne iko mkononi mwa mama wa makumbusho, kavu."

"Naye hajamwona tangu Jumatano," Inspekta alisema.

"Mzee aliyapata wapi maneno haya?" Sajini alimpigia fundi kelele.

"Kwenye daftari la polisi wa mto! La zamani hizo! Wameandika kila aliyevuka na saa aliyovuka. Matroni alivuka mapema, kabla maji hayajaingia zahanati! Wagonjwa nao walisema ni mpishi aliyewapandisha! Mzee hakulala siku mbili. Aliniambia, fundi, nimemsifu mtu asiyestahili na nimemzika mara ya pili aliyestahili."

Walimkuta mtunza makumbusho nyumbani kwake, saa kumi alasiri. Nyumba ilikuwa ndogo, imefagiwa, ukutani picha za shule ya wauguzi na vyeti vya heshima katika fremu. Bibi wa miaka tisini kasoro alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono, macho yameingia ukungu, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Binti yake alikuwa amepiga magoti mbele yake, taulo begani, akimkata kucha.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe nani?"

"Polisi, mama."

"Karibuni. Tulidhani mtakuja mapema."

Mkasi ulisimama. Mtunza makumbusho alimtazama mama yake, kisha akaitazama ile karatasi, ambayo Inspekta aliinyanyua ndani ya mfuko wa nailoni.

"Tutoke nje," alisema kwa sauti ya chini.

"Semeni hapahapa," bibi alisema. "Mimi nimekosa macho tu. Masikio nimebaki nayo."

Inspekta alimweleza mtunza makumbusho kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba atakalosema litaandikwa. Maneno yale alikuwa ameyasema mara nyingi mno maishani, na siku hiyo yalimtoka kama mtu anayesoma bei za nauli. Sajini alifungua daftari.

"Mliahidiana mkutane kwenye ngazi," Inspekta alisema.

"Nilimpigia simu Ijumaa usiku. Nikamwomba asiwalete watu kituo cha sita mpaka tuzungumze. Alikubali. Alikuwa muungwana, siku zote." Alifuta mkasi kwenye taulo. "Nilisimama chini kabisa, nisionekane na watu. Akaniita nipande. Nikakataa. Akashuka, taratibu, anashika ukuta. Nilijua anaogopa."

"Halafu?"

"Alinisomea hiyo karatasi. Alidhani nikiisikia nitaelewa. Nikamwambia mama ana miaka mingapi ya kuishi, subiri tu afe, ndipo uandike unachotaka. Akasema mpishi naye alisubiri mpaka akafa. Nikaishika karatasi. Akaivuta. Nikaivuta. Tulikuwa tumezungukana, mto uko mgongoni mwake. Ikabaki kwangu, yeye akarudi hatua moja nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu."

"Alipiga kelele?"

"Hapana. Niliuona mkono wake mara mbili."

"Ng'ambo kulikuwa na wavuvi. Wana mtumbwi."

"Walikuwepo. Nilisikia wanacheka."

"Kwa hiyo ungeita, wangesikia."

"Wangesikia," alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti ilibaki ileile, ya darasani. "Nilifungua mdomo, Inspekta. Kisha nikaufunga."

Kalamu ya Sajini ilikwaruza, ikatulia. Nje mtu alikuwa anapigilia bati misumari.

"Wewe," bibi alisema. "Nani alikwambia mimi niliwabeba wale watu?"

"Mama, nyamaza."

"Nakuuliza. Nani?"

"Kila mtu, Mama. Kitabu cha shule. Jiwe."

"Mimi nilikwambia?"

Binti aliutoa mguu wa mama yake majini, akauweka mapajani mwake.

"Walikuja na kamera, nikawaambia si mimi, muulizeni mpishi. Wakasema mpishi hana sare. Wakanisimamisha mlangoni, wakapiga picha. Baadaye nikachoka kukataa." Bibi alitafuta kichwa cha binti yake kwa mkono, akakipata, akauweka hapo. "Nilipanda mtumbwi wa kwanza. Sikutaka kupanda. Mpishi ndiye aliyenisukuma mgongoni, akaniambia nenda, una mtu ndani. Ilikuwa miezi saba."

Mtunza makumbusho alikuwa bado amepiga magoti, mguu wa mama yake mapajani mwake, unadondosha maji.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe. Sasa ningefanyaje?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniletea wageni tu, nikatabasamu."

Binti aliinamisha uso kwenye taulo. Inspekta alitoka mpaka mlangoni, akapiga simu. Alisema mpwa aachiwe leo hiihii, asisubiri kesho, na apewe chakula kabla hajatoka. Mkuu wa polisi alitaka maelezo. Alimwambia atayapata, akakata. Kisha akamtuma Sajini kwa jirani, mwanamke aliyekuwa akianua nguo uani kwake, aje akae na bibi.

Aliporudi ndani, mtunza makumbusho alikuwa amemaliza kucha za mguu wa pili. Alimkausha mama yake katikati ya vidole, kimoja kimoja, akamvisha soksi. Alisimama, akaweka mkasi juu ya kabati, akafungua kiunoni fungu la funguo na kumkabidhi Inspekta.

"Jirani hajui dawa zake," alisema.

"Nitajie, nimwandikie."

Inspekta alilichukua daftari alilokuwa ameliacha Sajini juu ya kiti. Hakukuwa na karatasi nyingine. Alipiga mstari chini ya maneno ya mwisho ya maelezo yale, na chini ya mstari akaandika, huku mtunza makumbusho akimsubiri amalize kila neno: kidonge cheupe asubuhi kabla ya kula, cha njano jioni, nusu tu, na asipewe akiwa amelala.